Hospitali Bado Hawajatutolea

Rehema alinipigia simu asubuhi, nikiwa ofisini kwangu Mbale, akaniambia kwamba mama yake amefariki usiku, nyumbani kwake Rehema huko Jinja, kitandani, bila ya kuhangaika. Sauti yake ilikuwa imetulia, sauti ya mtu aliyemaliza kulia kabla ya kushika simu. Nilimuuliza watazika saa ngapi, kwa kuwa naijua desturi yao ya kutomweka maiti, na kwa kuwa barabara kati ya miji yetu miwili inaweza kumeza nusu ya siku bila ya kuomba radhi. "Wewe njoo, dada," akasema. "Hatutamfunika uso mpaka ufike." Nilifika mchana umeshapinduka, na kweli walikuwa wamengoja. Watu wamekaa uani, wanaume wakitazama saa zao kwa siri, shehe akipangusa miwani ambayo haikuwa na vumbi, na hakuna hata mmoja aliyethubutu kumwambia mwenye msiba kwamba muda unakwenda. Niliingia, nikamtazama Mama Rehema kwa mara ya mwisho, nikatoka. Tangu siku ile nimejikuta nikirudi, nikiwa darasani au nikiwa jikoni, kwenye mwaka mmoja wa maisha yangu ambao nilidhani nimeshauelewa.

Sitaeleza hapa nilizaliwa wapi wala wazazi wangu walikuwa watu wa namna gani. Hayo hayana kazi katika habari hii. Inatosha kusema kwamba nilikuwa msichana wa Jinja, mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika uongozi wa huduma za afya, mwenye tabia ya kupima kila kitu na kuamini kwamba kinachopimika kinaweza kuponywa. Mwalimu wangu alikuwa Dokta Isabirye, mtu mrefu, mpole, aliyevaa sweta hata kwenye joto la Jinja, na aliyekuwa amejifunza ng'ambo elimu ya kuondoa upotevu kazini: elimu iliyozaliwa kwenye viwanda vya magari, ambayo yeye aliihamishia hospitalini kwa imani kamili. Alitufundisha kwamba mgonjwa anapokaa kwenye benchi bila ya kuhudumiwa, huo ni upotevu. Muuguzi anapovuka ua mara kumi kutafuta mkasi, huo ni upotevu. Damu inapotolewa mara ya pili kwa sababu chupa ya kwanza ilipotea, huo ni upotevu mkubwa zaidi, maana umelipwa kwa mwili wa mtu. "Msimtafute mwenye makosa," alikuwa akituambia. "Tafuteni mahali ambapo kazi imelala usingizi."

Miezi ya kwanza ya mwaka ule tuliitumia Jinja, katika kliniki ndogo ya wagonjwa wa nje, na sitaficha kwamba nilikuwa na furaha. Tulitandika karatasi ya kaki ukutani, tukachora njia anayoipita mgonjwa tangu langoni hadi anapotoka na dawa, tukabandika vipande vya njano mahali panapofanyika kazi na vipande vyekundu mahali panapongojewa. Wauguzi walikuja wakasimama mbele ya ukuta ule, wakacheka kwa aibu, kama watu walioonyeshwa picha yao wakiwa wamelala mdomo wazi. Dirisha la dawa lilisogezwa karibu na maabara. Meza moja ilitolewa, nyingine ikageuzwa. Ndani ya wiki chache benchi lililokuwa likijaa hadi kwenye ngazi lilianza kuonyesha mbao zake. Nilikuwa nikikaa pale na chai yangu, nikilitazama benchi tupu kama mkulima anavyotazama shamba lililopaliliwa. Sasa ninapolikumbuka, nashangaa kwamba sikuwahi kujiuliza watu wale, waliozoea kukaa pale asubuhi nzima wakipeana habari za ndoa na misiba, walikwenda kuzungumzia wapi.

Nusu ya pili ya mwaka nilipelekwa Mbale, katika hospitali moja ambayo sitaitaja, na ambayo si ile msomaji atakayoidhania kwanza. Nilipanga chumba mtaa wa Namakwekwe, katika nyumba ya Mzee Swaibu na mkewe. Mzee alikuwa mfanyabiashara wa magodoro aliyestaafu kwa sababu ya figo. Mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Rehema kwa jina la binti yao aliyeolewa Jinja, alikuwa akipika sambusa na kuziuza kwenye maduka ya jirani. Chumba changu kilipakana na jiko lao. Ukuta ulikuwa mwembamba kiasi kwamba nilijua mafuta yalipoanza kuchemka, nilijua vitunguu vilipoungua, na nilijua mazungumzo yote ya wanawake waliokuja jioni kumsaidia kukunja unga. Jumamosi Mama Rehema alinikaribisha kula nao malewa, yale machipukizi ya mianzi, yaliyopikwa kwa mchuzi wa karanga, naye Mzee, aliyekatazwa chumvi, alikaa pembeni akiyatazama masahani yetu na kutoa maoni. Alikuwa ameiona saa yangu ya kupimia, ile inayoanza na kusimama kwa kidole, nayo ikampa burudani isiyokwisha. "Mwalimu wa saa," alikuwa akiniambia, "hebu nipimie huyu mama anachukua muda gani kuninyima nyama." Mkewe alimjibu bila ya kugeuka kwamba kumnyima kwake hakuna mwisho, kwa hiyo saa itaharibika bure.

Ni kupitia ukuta ule ndipo niliposikia habari za Hamza. Mama Rehema alikuwa akiwasimulia wanawake wa sambusa, si kwa kilio, bali kwa ile sauti kavu ya jambo lililosimuliwa hadi likapoteza ngozi. Hamza alikuwa mtoto wao wa kiume, aliyegongwa akiwa juu ya bodaboda, akafia hospitalini hapo ambapo mimi nilikuwa nimepangiwa kazi. Alikufa asubuhi. Kibali cha kumtoa mochari kilihitaji sahihi ya daktari, kisha ya msimamizi wa wodi, kisha ya ofisi ya hesabu, kisha ya kumbukumbu, kisha muhuri. Na mwenye muhuri alikuwa amekwenda kwenye mkutano upande wa Malukhu akiwa na ufunguo wa kabati mfukoni. Hamza akalala mochari siku ile, akalala na siku ya pili. "Mtoto wa Kiislamu," alisema Mama Rehema, na nikasikia mikono yake ikiendelea kukunja unga, "amelala pale kama mzigo wa basi ambao mwenyewe hajulikani." Kisha akasema jambo ambalo baadaye nililisikia mara nyingi, nyumbani na barazani, mbele ya Mzee mwenyewe: kwamba amemwahidi mumewe, na mumewe ameitikia, kwamba yeye Mzee hatalala pale. Siku atakayokufa, atazikwa siku hiyo hiyo. Mzee Swaibu alikuwa akiitikia kwa kichwa kwa utulivu, kama mtu anayeahidiwa chakula cha jioni.

Nilimpigia Dokta Isabirye nikamwambia nimepata mradi wangu. Tungefupisha njia ya maiti, tangu wodini hadi langoni. Akasema kwamba katika miaka yake yote hajapata kusikia mwanafunzi akichagua hilo, na kwamba ni zuri, kwa sababu hapo ndipo hospitali inapowaaga watu na ndipo inapowaaga vibaya. Alikuja mwenyewe kutoka Jinja kuanzisha kazi. Ninakumbuka swali nililomuuliza siku ile, tukiwa tumekaa kwenye kantini, kwa maana elimu yake husema kwamba thamani ya kazi huamuliwa na yule anayehudumiwa. Nikamuuliza, hapa anayehudumiwa ni nani? Maiti hangoji. Hana haraka wala hacheleweshwi. Akacheka kwa upole wake. "Naigaga, wewe unafikiri mpaka chai inapoa," akasema. "Anayehudumiwa ni familia." Nikamuuliza, na familia inataka nini? "Kwenda nyumbani na mtu wao," akajibu, akaisukuma sahani ya chapati upande wangu. Lilikuwa jibu la busara. Bado ninaliona hivyo. Lakini familia nyingi nilizoziona baadaye hazikuwa kitu kimoja chenye kinywa kimoja. Zilikuwa mume na ndugu zake, mke wa kwanza na wa pili, walio karibu na walio mbali, na kila mmoja alikuwa na saa yake.

Mtunza mochari alikuwa Otim, askari magereza mstaafu kutoka kaskazini, ambaye kila mtu alimwita afande na aliyezungumza Kiswahili cha kambini, kifupi, kisicho na mapambo. Alinipokea kwa mashaka, akidhani nimetumwa kumchunguza, hadi nilipomweleza kwamba nachunguza njia na si mtu. Hapo akalegea. "Dada, hapa kuingia iko rahisi," aliniambia. "Kutoka ndiyo iko na siasa." Aliniwekea kiti kando ya benchi la wafiwa, chini ya paa la bati, na kwa wiki kadhaa nikakaa pale na saa yangu. Niliona wake wa askari polisi waliosubiri gari la kuwapeleka kwao mbali. Niliona mzee wa mtaa wa Nabuyonga akilala kwa kuketi, kibali chake kikiwa na sahihi mbili tu. Niliona pia jambo ambalo sikujua niliweke wapi. Mwanamume mmoja, aliyevaa kanzu, alipewa kibali kikiwa kimekamilika, akakikunja, akakitia mfukoni, kisha akatoa simu akamwambia mtu wa upande wa pili: "Hospitali bado hawajatutolea. Ndiyo. Bado. Tunangoja tu." Akakaa tena kwenye benchi. Nusu saa baadaye akapiga tena, akasema maneno yale yale. Nilimuuliza afande Otim kulikoni. Akainua mabega akasema kwamba labda kuna ndugu yuko njiani, labda wanagombana kuhusu kaburi, labda kuna mke hajaambiwa, na kwamba watu hufanya hivyo. Kwenye karatasi yangu nilibandika kipande chekundu, kwa kuwa ulikuwa muda wa kungoja, na nikaandika kwamba sababu haijulikani.

Kazi ilifanikiwa. Nasema hivyo bila ya majivuno, kwa sababu haikuwa kazi yangu peke yangu. Msimamizi wa wodi, muuguzi mkali aliyechoka kutukanwa na wafiwa, ndiye aliyepigania zaidi. Sahihi nyingi zikaunganishwa kuwa moja, iliyotolewa pale pale wodini. Muhuri ukatoka kabatini ukawekwa kwenye meza yenye mtu zamu zote. Afande Otim akapewa simu ya kupigiwa kutoka wodini, ili maiti asihamishwe mara mbili ikiwa jamaa wako tayari kumchukua. Karatasi ya kaki tuliyoibandika upya ilikuwa ya njano karibu yote. Mkurugenzi aliwaleta wageni kuitazama. Nami jioni ile nilimweleza Mzee Swaibu, ambaye sasa alikuwa hatoki tena kitandani, kwamba utaratibu wa zamani umekwisha. Alinisikiliza akiwa amefumba macho. "Basi umenifungulia mlango," akasema. Mkewe alikuwa amesimama kwenye kizingiti akiwa na bakuli la uji, na usoni mwake niliona kitu nilichokitafsiri wakati ule kuwa ni shukrani tupu.

Rehema alikuja kutoka Jinja baba yake alipolazwa, akakaa wiki nzima. Alikuwa fundi cherehani, mwenye duka dogo karibu na soko la huko, mrefu kama mama yake na mcheshi kama baba yake. Wodini alimlisha Mzee kwa kijiko na kumtania kwamba amekuwa mtoto wake wa tatu, na kwamba huyu ndiye mkaidi kuliko wote. Mzee alimwambia anyamaze, kwani hata kijiko chenyewe amekishika kama sindano. Nilipopita jioni niliwakuta wakicheka kwa sauti ya chini, na mgonjwa wa kitanda cha pili akicheka nao, bila ya kujua wanacheka nini. Kisha Mzee akaonekana kupata nafuu, ile nafuu ambayo wauguzi huitazama kwa wasiwasi, naye Rehema akarudi Jinja kuwaangalia watoto na kumalizia nguo za harusi moja alizokuwa ameahidi. Aliondoka jioni. Mzee alifariki asubuhi iliyofuata, jua likiwa ndiyo kwanza linapanda.

Ni mimi niliyempigia simu, kwa kuwa Mama Rehema hakuweza kuishika. Alilia, nami nikangoja alie. Kisha nikamwambia aondoke mara moja, asingoje kitu, kwa sababu kibali kitatoka haraka. Nilimwambia kwa maneno yaliyo wazi, na nimeyapitia maneno yale mara nyingi kuona kama yalikuwa na upungufu; sikuuona. Alinijibu, katikati ya kilio, kwa sauti iliyokuwa karibu na kicheko. "Dada, hospitali ile naijua," akasema. "Nilikaa kwenye benchi lile kwa ajili ya Hamza. Mpaka muhuri upatikane ni kesho." Nikamwambia kwamba mambo yamebadilika. Akasema, kwa upole, kwamba sisi wa chuo tunaandika vizuri, lakini wenye muhuri ni wale wale. Mumewe alikuwa amekwenda Kamuli na gari, na angerudi saa sita. Wangekuja wote, pamoja na watoto, wakamwone babu yao. Hakuwa mzembe. Alikuwa amepanga safari yake kwa kutumia jambo ambalo mji mzima ulilitegemea kama unavyotegemea jua, yaani kwamba hospitali itachelewa.

Kibali kilitoka kabla chai ya wodini haijagawiwa. Nilikiona kikitiwa sahihi, nikauona muhuri ukishuka, na nakiri kwamba kidole changu kilitafuta saa. Afande Otim alikuwa tayari na machela. Hakukuwa na haja ya kupita mochari. Haji Musa, mdogo wake Mzee, mtu mnene mwenye huruma aliyekuwa na duka la vifaa vya baiskeli, alikipokea kibali kwa mikono miwili, akakisoma, akakigeuza upande wa nyuma kana kwamba huko kungekuwa na ofisi nyingine ya kwenda. Hakuikuta. Akatoka hadi kwenye ngazi, akapiga simu, nikamsikia akiwaambia jamaa wa Pallisa: "Hospitali bado hawajatutolea. Ndiyo, mnawajua. Tunangoja." Mama Rehema alikuwa amesimama nyuma yake, khanga imeshuka begani. Akaunyosha mkono, akaichukua ile simu kutoka sikioni mwa shemeji yake. "Wametutolea," akasema ndani ya simu, na akaikata. Haji Musa alimtazama kama mtu aliyevuliwa koti kwenye mvua. Hapo ndipo nilipokikumbuka kipande changu chekundu, na mwanamume wa kanzu, na nikaanza kuelewa nilichokuwa nimekipima.

Nyumbani Namakwekwe walimwosha Mzee uani, nyuma ya mashuka yaliyotundikwa kwenye kamba, juu ya shimo dogo lililochimbwa kupokea maji. Adhuhuri ikapita, wakakubaliana kungoja alasiri ili Rehema afike. Rehema, aliyepigiwa tena na tena, sasa alikuwa ameamini, walikuwa njiani, kisha walikuwa wamesimama, kwa sababu upande wa Tirinyi lori lilikuwa limelala barabarani na magari hayapiti. Mara ya mwisho alizungumza na mama yake mwenyewe. Sikusikia alichosema. Nilisikia tu upande wa huku: "Ndiyo, mwanangu. Ndiyo. Nimesikia." Wanaume walikuwa wamekwishakaa safu barazani. Shehe alisema kwa heshima kwamba uamuzi ni wa wenyewe: wakimzika baada ya alasiri ni vema, na wakiona wangoje hadi asubuhi kwa ajili ya binti, dini ina nafasi kwa udhuru. Haji Musa akasema wangoje. Mtu mwingine akasema marehemu hangojeshwi. Wote wakageuza nyuso kuelekea chumba cha wanawake. Ilikuwa ajabu kuwaona. Kwa miaka mingi uamuzi kama huu ulikuwa ukifanywa na kabati lililofungwa na mtu aliye mkutanoni, nao walikuwa wameachiwa kazi nyepesi ya kulalamika pamoja. Mama Rehema alikaa humo, kichwani pa mumewe. Uso wa Mzee ulikuwa bado haujafunikwa, na mkono wa mkewe ulikuwa juu ya ukingo wa sanda. Nilihesabu, kwa mazoea yangu mabaya, kisha nikaacha kuhesabu. Alisema, "Mchukueni."

Rehema alifika jua linazama. Alishuka garini akiwa na mtoto mmoja mgongoni na mwingine mkononi, akaingia uani haraka, akayaona majamvi yakikunjwa na masufuria yakiwa yamefunguliwa, naye akaelewa kabla ya kuambiwa. Hakupiga ukelele. Alimkabidhi mumewe watoto, akamwendea baba yake mdogo, akamuuliza kama walishindwa kumngoja. Haji Musa alimshika mabega. Alikuwa akilia. "Ni hospitali, mwanangu," akasema. "Walitutolea mara moja. Siku hizi wana utaratibu mpya, wanaharakisha watu. Muulize Naigaga, yeye yuko kule." Wote walinigeukia. Sijapata kutazamwa vile, tangu siku ile hadi leo, hata na watahini. Katika pumzi moja niliyokuwa nayo nililipima lile jambo kila upande. Kila neno la Haji Musa lilikuwa kweli: utaratibu ulikuwa mpya, ulikuwa wa haraka, na mimi nilikuwa wa kule. Kwa kuitikia kwa kichwa tu ningeweza kuirudishia hospitali mzigo wake wa zamani, ule iliokuwa ikiubebea kila familia bila ya kujua, na mama na binti wangelia pamoja dhidi ya ukuta mmoja. Na ingekuwa uongo. Nilikuwa nimefungua mdomo. Sijui hadi leo ni neno gani lililokuwa likija.

"Musa, iache hospitali," Mama Rehema alisema kutoka mlangoni. Alikuwa ameshika fremu ya mlango kwa mkono mmoja. "Hospitali walimaliza kazi yao asubuhi. Tulikuwa na ruhusa ya kungoja. Ni mimi niliyesema achukuliwe."

Rehema alimtazama mama yake. "Ulikuwa na haraka gani, Mama?"

"Ilikuwa ya Hamza," mama yake akasema. "Niliiweka tangu siku ile."

Rehema akapita katikati ya watu, akaenda nyuma ya yale mashuka ambayo hakuna aliyekumbuka kuyatundua. Nilimfuata kwa hatua chache, nikakomea kwenye kamba. Shimo la maji lilikuwa limefukiwa, na udongo wake ulikuwa mweusi na laini katikati ya ua mkavu. Alichutama. Aliuweka mkono wake juu ya udongo ule, kiganja chini, vidole vimetanuka, kama mtu anayepima homa, akauacha pale. Upande wa barazani wanawake walikuwa wakiita, "Mama Rehema, njoo ule kidogo, Mama Rehema," na kila walipoita niliuona mgongo wa Rehema ukikakamaa. Baadaye mama yake alikuja, polepole, akiushika ukuta. Hakumgusa. Alikaa chini upande wa pili wa udongo ule, akaiweka miguu yake pembeni kwa namna wanawake wanavyokaa wakiwa na kazi ndefu mbele yao, akangoja.